Mazoezini 1:08, Kasarani 1:13

Swali: "Kocha, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa michezo hapa Dar es Salaam, na jioni nafundisha watoto kuogelea kwenye bwawa la shule la mita 25. Nina binti wa miaka 13 anayeogelea mtindo huru. Mazoezini ameshafikisha dakika 1 na sekunde 8 kwa mita 100. Mwezi Julai tulikwenda Nairobi kwenye mashindano pale Kasarani. Wiki ya mwisho nilimwongezea mazoezi ili aive vizuri. Tulisafiri kwa basi, tukafika usiku, asubuhi yake akaogelea. Kabla ya mbio alitapika. Alimaliza kwa 1:13.2, nusu ya kwanza sekunde 33.0 na nusu ya pili 40.2, akatoka majini analia. Baba yake anasema binti hana moyo wa mashindano, bora arudi kwenye vitabu. Nimsaidieje akili yake?"

Marahaba, mwalimu. Umeniuliza habari za akili, na huko nitafika. Lakini kwanza tuhesabu pamoja, kwa sababu sehemu ya kilichomliza binti huyu ni hesabu ambayo hakuna mtu aliyemfanyia kabla hajapanda basi.

Ile 1:08 aliipata kwenye bwawa la mita 25. Humo, mita 100 zina kugeuka mara tatu, na kila akigeuka anausukuma ukuta kwa miguu na kuteleza mita kadhaa huku mikono inapumzika. Bwawa la Kasarani lina mita 50, kwa hiyo ukuta wa kusukuma ameupata mara moja tu. Tofauti hii ipo hata kwa vigogo wa dunia. Kyle Chalmers wa Australia aliogelea mita 100 mtindo huru kwa sekunde 44.84 mwaka 2021 kwenye bwawa fupi. Pan Zhanle wa China alipovunja rekodi ya dunia kwenye Olimpiki ya Paris mwaka 2024, bwawa refu, saa ilisoma 46.40. Mimi ninapohamisha muda wa mtoto kutoka bwawa fupi kwenda refu, kwa mita 100 huongeza sekunde moja na nusu hadi mbili.

Halafu, hiyo 1:08 uliishika wewe kwa saa ya mkononi, sivyo? Kidole cha kocha husubiri kisikie filimbi ndipo kibonyeze, lakini mwishoni kinamwona mtoto anakuja na kubonyeza pale pale anapogusa. Mtoto anapunjiwa sehemu ya sekunde bila mtu kukusudia. Na kuna Nairobi yenyewe: karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa nyepesi, asubuhi za Julai zenye baridi ambayo mtoto wa Dar haijui. Mita 50 za kwanza hataona tofauti kubwa. Atakapogeuka ndipo kifua kitamwambia.

Kwa hiyo muda wa haki aliokuwa anaufuata Kasarani ulikuwa 1:10, pengine 1:11. Amekosa sekunde mbili au tatu, wala hakuwahi kukosa tano. Kaa na baba yake umwoneshe hesabu hii kwenye karatasi, mstari kwa mstari, na binti awepo. Nimeona mara nyingi mabega ya mtoto yakishuka palepale anapogundua kwamba hakuharibu kiasi alichodhani.

Sasa tuzungumzie hizo sekunde mbili tatu. Hizo ni zenu kweli, na moja katika hizo, naomba uipokee kwa moyo mkunjufu, ni ya kwako. Wiki ya mwisho hakuna mtoto anayeivishwa. Mazoezi ya siku saba za mwisho hayaongezi nguvu yoyote itakayofika mashindanoni, yanachosha tu. Mwili hujengeka wakati wa kupumzika baada ya kazi, na kazi ya wiki ile ilikuwa bado haijalipwa alipopanda jukwaa la kurukia. Kwa umri wake, siku tano hadi saba kabla ya mbio punguza umbali mpaka nusu hivi, lakini usiondoe kasi: kila siku aogelee vipande vichache vya mita 25 kwa kasi ya mbio, apumzike vya kutosha katikati, atoke majini akiwa bado ana hamu. Watoto wengi siku hizo hujisikia wazito au wavivu, wakaogopa kwamba wamepoteza makali. Mwambie mapema kwamba ni kawaida. Na safari ya basi ya siku nzima ilitaka walau siku moja ya katikati, aingie majini jioni, aone bwawa, aguse kuta, alale.

Lakini hata ungefanya haya yote, nusu ya pili ya 40.2 ingebaki inatudai maelezo. Mwogeleaji anayeruka kutoka jukwaani huwa na nusu ya kwanza ya kasi zaidi, maana kuruka peke yake kunampa karibu sekunde mbili. Tofauti ya sekunde mbili na nusu au tatu kati ya nusu mbili naiona ni nzuri kwa mtoto. Yeye ana zaidi ya saba. Angetoka kwa 34.3 akarudi kwa 36.8, angemaliza 1:11.1, na pengine angetoka majini anacheka. Kwa hiyo mbio yake iliharibikia mita 25 za kwanza, ingawa uchungu wake uliuona kwenye mita 25 za mwisho.

Nenda ukamtazame kwa karibu. Najua utakachokiona kwa sababu nimekiona kwa watoto wengi. Anaruka, anatokeza mapema mno, na mikono inaanza kuzunguka kama feni. Mazoezini anapiga mikono 20 kufika ukuta wa upande wa pili. Siku ya mashindano anapiga mikono 24 au 25 kwa umbali uleule, kwa sababu kiganja kinaingia majini na kuteleza nyuma kabla hakijayashika maji. Kichwa kimeinuka kidogo, basi nyonga zinazama na miguu inalima maji badala ya kuyapiga. Na kubwa kuliko yote: hatoi pumzi. Ameiziba. Uso ukiwa ndani ya maji huoni mapovu, halafu anapogeuza kichwa kuvuta hewa anataka kutoa na kuvuta kwa mkupuo mmoja ndani ya muda mfupi ule. Haiwezekani. Anavuta nusu ya pafu juu ya hewa chakavu iliyobaki mle ndani, na baada ya mita 60 mwili unapiga kengele. Mzazi aliyekaa kwa watazamaji anaona mtoto amekata tamaa. Mimi naona mtoto aliyesahau kupuliza.

Ndiyo maana nasema hofu ya mwogeleaji mdogo inakaa kwenye pumzi kabla ya kukaa mahali pengine popote. Ukimwambia "usiogope", hajui afanye nini na neno hilo. Ukimwambia "puliza mapovu mpaka ukuta wa kwanza", ana kazi mkononi. Na kazi hiyo haifundishwi Kasarani asubuhi ya mbio. Inafundishwa Jumanne jioni Dar es Salaam, wakati hakuna anayemtazama.

Nikueleze Jumanne moja ilivyo kwangu, kwa watoto wa umri wake wanaofanya mazoezi mara nne au tano kwa wiki. Wanapasha mwili kwa mita 400 au 500 za taratibu, mitindo yote, hata wa chura na mgongo, maana mtoto wa miaka 13 hapaswi kuwa na mtindo mmoja tu. Kisha mita 25 mara nane, ambapo sina habari kabisa na muda: nahesabu mikono. Kila mtoto ana namba yake. Aliyezoea 20 akipiga 22, namwuliza, "Mbili hizi zimetoka wapi?" Anajifunza kujijibu: kichwa, pumzi, kiganja. Baada ya hapo ndipo tunakwenda kwenye kasi ya mbio, mita 50 mara nne au sita, akianza majukwaani, na mapumziko ya dakika mbili au tatu kila moja.

Hapa kuna jambo ninalolipenda kuliko mengine yote katika kazi hii. Mtoto anapogusa ukuta, kabla sijamwambia muda wake, ananiambia yeye. "34 na nusu, kocha." Namwonesha saa: 33.2. Wiki za kwanza wanakosea kwa sekunde mbili, tatu. Baada ya mwezi mmoja na nusu hivi wengi wao wanakosea kwa chini ya sekunde moja, na hapo nimepata mtoto ambaye saa yake iko mwilini. Huyo, umati ukipiga kelele Kasarani na msichana wa njia ya pembeni akitoka kama risasi, anajua bila kuambiwa kwamba 33.0 siyo yake. Anamwacha aende. Binti yako hakuwa na saa hiyo, alikuwa na mwenzake wa njia ya pembeni tu. Kwa hiyo mpe shabaha ya 34.5 kwa hizo mita 50, na akiogelea 33 usimsifu. Hili ni gumu kwa kocha, kwa sababu mkono wenyewe unataka kupiga makofi mtoto akienda kasi. Jizuie. Mwambie, "Umekwenda kasi kuliko tulivyopatana, rudia."

Mara moja kwa wiki avunje mita 100 vipande viwili: 50 kutoka jukwaani, sekunde 10 ameshika ukuta anapuliza, kisha 50 nyingine. Jumlisha vipande viwili. Utapata picha ya mbio anayoiweza, naye atajionea mwenyewe kwamba kurudi kwa 37 kunawezekana.

Kabla sijaendelea, onyo moja. Ukisikia popote kwamba pumzi ya mwogeleaji hukuzwa kwa mashindano ya kukaa chini ya maji, au kwa kuhema harakaharaka kabla ya kuzama, kataa. Kuhema harakaharaka hakujazi oksijeni ya ziada ya maana. Kunafukuza kabonidioksidi, na hiyo ndiyo inayomwambia mtu kwamba anahitaji kuvuta hewa. Mtoto anazimia chini ya maji bila kusikia dalili yoyote, kimya kabisa. Watoto hupenda mchezo huu kocha akigeuka. Upige marufuku kwa jina, uwaeleze sababu, na siku zote awepo mtu ambaye kazi yake ni kutazama maji tu.

Sasa, siku ya mbio. Kutapika kabla ya kuogelea ni jambo la kawaida zaidi kuliko wazazi wanavyodhani. Kama anatapika pia siku za shule au usiku, aonwe na daktari. Kama ni asubuhi za mashindano tu, kwanza angalia alikula nini na saa ngapi: uji, mkate au ndizi mbivu, saa mbili au tatu kabla, na maji kidogo kidogo. Chapati za mafuta na chai ya maziwa saa moja kabla ya mbio zingemsumbua hata mtu asiye na hofu.

Yanayobaki ni mwili unaojiandaa. Moyo kwenda mbio, viganja kutoa jasho, tumbo kuvurugika: ni dalili zilezile anazozipata mtoto anayesubiri kufungua zawadi ya Idi. Mwambie hivyo hasa. Ukimwamuru atulie, unampa vita ya pili juu ya ile aliyonayo, naye atashindwa, kisha aone kushindwa kutulia ni ushahidi mwingine kwamba hafai. Mfundishe aseme, "Mwili wangu umeshaanza kazi." Kisha atoe pumzi ndefu kuliko aliyovuta: avute kwa hesabu ya tatu, atoe kwa hesabu ya sita, mara nne au tano, taratibu. Kutoa pumzi polepole kunapunguza mapigo ya moyo, na pia ni lile somo la mapovu, analianza akiwa bado nchi kavu.

Halafu funga kila kitu kwenye filimbi. Mashindano yana utaratibu usiobadilika, na huo ni rafiki mkubwa wa mtoto mwenye wasiwasi. Mwamuzi mkuu hupiga filimbi fupi fupi mfululizo: maana yake vueni nguo za juu, jiandaeni. Hapo binti avue sweta, akung'ute mikono, atoe zile pumzi. Inafuata filimbi moja ndefu: pandeni jukwaani. Anapanda, anatazama maji ya njia yake, mita tano mbele, hatazami kulia wala kushoto. Inakuja amri ya kujiweka tayari: anainama na kutulia tuli, kwa sababu akitikisika na kuondoka kabla ya mlio ameondolewa, hakuna nafasi ya pili. Akilini anabaki na neno moja tu. Wangu mmoja alichagua "ndefu", mwingine "mapovu". Achague yeye, na kwa lugha anayoota nayo ndoto.

Nunua filimbi, na kila Alhamisi fanya hivi, hatua kwa hatua, hata kama waogeleaji ni watatu. Waite wenzake wakae ukingoni wapige kelele. Mcheleweshe jukwaani. Siku nyingine mwambie mbio imesogezwa dakika 20, akae na baridi yake, aone namna ya kujipasha tena nchi kavu kwa kuruka na kuzungusha mikono. Soksi, sweta na kanga ya kujifunika viwe kwenye mkoba wake daima.

Michael Phelps, mwogeleaji wa Marekani, alipoogelea fainali ya mita 200 mtindo wa kipepeo Beijing mwaka 2008, miwani yake iliingia maji tangu mwanzo, na mita 100 za mwisho alikuwa haoni ukuta wala wapinzani. Alihesabu mikono yake, kwa kuwa alijua ni mingapi inamfikisha, akashinda kwa 1:52.03, rekodi ya dunia. Kocha wake, Bob Bowman, ameeleza kwamba miaka ya nyuma aliwahi kuikanyaga miwani ya Phelps kwa makusudi kabla ya mbio ili kijana aogelee hivyohivyo. Sikuagizi ukanyage vitu vya watoto. Ila mara mojamoja, kwenye mazoezi mepesi, binti aogelee mita 50 bila miwani akihesabu mikono. Siku itakapomvuka kichwani, na itamvuka, awe ameshapita njia hiyo.

Jambo lingine la akilini, la bure kabisa: kila usiku kabla ya kulala, siku kumi za mwisho, afumbe macho aogelee mbio nzima kichwani, kutoka filimbi fupi hadi kugusa. Mpe saa aianzishe mwenyewe na kuizima akigusa. Wengi mara ya kwanza humaliza mita 100 kwa sekunde 30, maana wanaruka sehemu ngumu na kwenda moja kwa moja kwenye kushangilia. Mrudishe. Aone pale mita 70 mikono inapokuwa mizito na aone anachokifanya hapo: anarefusha mkono, anapuliza, anapiga miguu. Akikaribia 1:10 kwenye saa akiwa kitandani, ujue anaiogelea kweli.

Sasa baba yake. Neno "hana moyo" ni zito, mwalimu, na mtoto wa miaka 13 hulibeba kwa miaka. Mimi mwenyewe, nikiwa kocha kijana, nilimwambia mvulana mmoja maneno ya namna hiyo mbele ya wenzake baada ya mbio mbaya. Alimalizia mashindano yale, hakurudi bwawani tena. Baadaye sana nikajua kwamba siku ile alikuwa na homa, aliogopa kuniambia. Sijawahi kumalizana na jambo hilo.

Kwa hiyo zungumza na mzee kwa heshima, usimshtaki. Anaongea kwa uchungu wa kumwona binti yake analia. Mwombe mambo mawili. Akiwa kwa watazamaji asishike saa. Na njiani kurudi nyumbani asiulize habari za muda hadi binti aanze mwenyewe; aulize kama ana njaa, amwambie amefurahi kumtazama akiogelea. Basi. Uchambuzi ni kazi yako, na hata wewe ngoja aogelee taratibu mita 200 au 300 za kupoza mwili, avae nguo kavu, ale, ndipo umwulize: "Ulianza kusikia mikono mizito wapi?" Jibu lake litakupa zaidi ya saa yako.

Mweleze pia mzee kwamba muda bora wa mtoto hauwi deni la kulipwa kila anapoingia majini. Jason Dunford, kijana wa Nairobi, aliweka rekodi ya Olimpiki ya 51.14 kwenye mchujo wa mita 100 kipepeo Beijing mwaka 2008. Fainali, akiwa kwenye bwawa moja na Phelps, alipata 51.47 na kushika nafasi ya tano. Miaka miwili baadaye alichukua dhahabu ya mita 50 kipepeo kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Delhi. Na akiona binti ameingia fainali kwa nafasi ya mwisho na kuwekwa njia ya ukingoni kabisa, amkumbuke Ahmed Hafnaoui wa Tunisia, ambaye mwaka 2021 Tokyo, akiwa na miaka 18, aliingia fainali ya mita 400 mtindo huru akiwa wa nane kati ya wanane, akashinda dhahabu kutoka njia ya 8.

Kuna jambo ambalo hukuliandika, nami nalitaja kwa sababu ya umri wake. Miaka 12 hadi 14 ni miaka ambayo mwili wa msichana unabadilika haraka. Mikono inarefuka kabla misuli ya bega haijaizoea, na mtindo uliokuwa safi Januari unaweza kuvurugika Juni bila yeye kuzembea. Muda unaweza kusimama mwaka mzima. Hapo wasichana wengi wazuri huacha, kwa kuwa mtu mzima aliyekuwa karibu aliuita ukuaji uvivu. Akilalamika bega, punguza mita siku hiyohiyo, usimwambie avumilie. Usimpime uzito ukingoni, na usiseme neno lolote kuhusu mwili wake. Kuhusu hedhi, apate mama au dada anayemwamini, ambaye anaweza kumwambia "leo sijisikii vizuri" bila kueleza zaidi, nawe uipokee taarifa hiyo bila maswali. Ukiwa kocha wa kiume, usibaki naye peke yenu, bwawani, garini wala safarini. Safari ijayo ya Nairobi aende mwanamke mtu mzima pamoja nanyi. Ni kinga yake na ni kinga yako.

Na vitabu? Baba ana haki ya kuvijali. Ila havigombani na bwawa kama usingizi upo: umri wake unahitaji saa nane hadi kumi kila usiku. Mtoto anayeamshwa saa kumi alfajiri kuogelea, kisha akalala saa tano usiku kwa ajili ya kazi za shule, ataanguka kote kuwili. Kama ni lazima uchague kati ya zoezi la tano la wiki na usingizi, achana na zoezi.

Ratiba basi iwe hivi. Wiki mbili za kwanza usiguse kasi yake kabisa: hesabu mikono na mapovu tu, na kwenye seti ndefu asipungukiwe pumzi. Kuanzia wiki ya tatu ingiza filimbi za Alhamisi na mita 50 za kubashiri muda. Usimpeleke mashindano makubwa kabla ya wiki ya nane. Tafuta kwanza gala ndogo, yaani mashindano madogo ya kuogelea, hapo Dar, bwawa la mita 25 analolijua, na mpe lengo lisilo na muda ndani yake: atoke jukwaani baada ya kupuliza, na afike ukuta wa kwanza kwa mikono isiyozidi 21.

Kisha niandikie. Nataka namba tatu: mikono aliyopiga mita 25 za kwanza, tofauti ya nusu ya kwanza na ya pili, na muda aliobashiri yeye mwenyewe kabla hujamwonesha saa.